Utii wa Hofu na Utii wa Imani

Neno afande, ambalo kila siku hutamkwa maelfu ya mara katika kambi zetu za jeshi, na ambalo hata mama muuza vitumbua huko uraiani hulitumia anapomkaribisha askari kwenye benchi lake, limesafiri safari ndefu kabla ya kutufikia. Asili yake ni efendi ya Waturuki, lakabu ya heshima waliyopewa watu wenye elimu na madaraka. Kutoka kwa Waturuki ikashuka Misri, kutoka Misri ikapanda mto Naili hadi Sudani, na miongoni mwa walioileta pwani yetu walikuwamo askari wa Kisudani walioandikishwa Misri mwaka 1889 na Mjerumani Hermann von Wissmann, ili wamsaidie kuizima vita ya Abushiri bin Salim. Pamoja nao vilikuja vyeo vya shaushi na ombasha, ambavyo leo vimesahauliwa. Na pamoja na utawala walioulinda likaja jambo jingine, ambalo wazee wetu hawakulisahau hata walipokwisha kuyasahau majina ya maafisa waliolitenda, nalo ni adhabu ya viboko ishirini na vitano, iliyoitwa hamsa ishirini.

Nimelikumbusha hilo kwa kuwa jeshi ni kama nyumba ya mawe ya kikale: anayeinunua hurithi kuta na milango yake, na hurithi vilevile unyevu uliomo ndani ya kuta hizo, hata awe amezipaka chokaa mara ngapi. Majeshi ya Afrika ya Mashariki yamepakwa chokaa mara nyingi tangu uhuru. Yamebadilishiwa majina, beji, silaha na bendera. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni la unyevu ule wa ndani, yaani namna mkubwa anavyomwongoza mdogo, na namna mdogo anavyomtii mkubwa. Rai yangu ni kwamba utii uko wa namna mbili. Uko utii wa hofu, ambao hudumu maadamu fimbo ipo karibu na mwenye fimbo anatazama. Na uko utii wa imani, ambao hukaa moyoni mwa askari hata pale ambapo afisa wake yuko mbali, au amekufa, au amri yake imechelewa kufika. Jeshi lenye utii wa kwanza hupendeza gwarideni. Jeshi lenye utii wa pili ndilo linaloilinda nchi, na historia yetu wenyewe inatupa ushahidi wa hayo bila ya kuhitaji kuazima wa jirani.

Hata hivyo na tuanze kwa jirani wa mbali, kwa kuwa kisa chake kimefungamana na chetu. Tarehe 14 Oktoba 1806 jeshi la Prussia, lililokuwa likisifiwa Ulaya nzima kwa gwaride lake lisilopinda na kuogopwa na askari wake wenyewe kwa fimbo zake zisizopumzika, lilivunjwa na Wafaransa huko Jena na Auerstedt kwa siku moja. Maafisa wachache waliobaki na akili timamu, akina Scharnhorst na Gneisenau, walitambua kwamba mtu aliyechapwa maisha yake yote hawezi kuombwa ghafla aitoe roho yake kwa ajili ya mchapaji; na mwaka 1808 Gneisenau akaandika makala akidai kile alichokiita uhuru wa migongo, na mwaka uo huo adhabu ya fimbo ikaondolewa kwa askari wa kawaida wa Prussia. Kutokana na mageuzi hayo likazuka, baada ya vizazi viwili, lile jeshi la jemadari Moltke ambalo afisa wake aliambiwa lengo analotakiwa kulifikia, na njia ya kulifikia akaachiwa aichague mwenyewe. Na hapo ndipo penye uchungu wa kisa chetu: taifa lililouweka huru mgongo wa askari wake mwaka 1808 ndilo lililotuletea hamsa ishirini miaka themanini baadaye. Maarifa walikuwa nayo tele. Walichokikosa ni kumwona askari mweusi kuwa naye ni mtu mwenye mgongo na heshima.

Waingereza, waliounda King's African Rifles (KAR) mwaka 1902 na kuirithi Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walikuwa na desturi zao, lakini msingi wa nyumba haukuwa tofauti sana. Lugha kuu ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili. Walakini kilikuwa Kiswahili cha namna yake, hata kikapewa jina la KiKAR, lugha ya vitenzi vya kuamrisha, isiyo na ngeli wala adabu, yenye fanya, leta, ondoka na nyamaza, na ambayo haikuwa na haja ya maneno ya kuuliza wala ya kushauriana. Afisa wa Kizungu alijifunza Kiswahili cha kumtosha kuamuru. Hakujifunza cha kumtosha kusikiliza. Na katika miaka ya 1950 ulipofika wakati wa kumpa Mwafrika nafasi iliyo juu ya usajini, kikafufuliwa cheo cha Effendi, ambacho kilikuwa kilele cha mlima kwa mtu mweusi. Lakini Effendi aliyepigana Madagascar au Burma, mwenye mvi kichwani na wajukuu nyumbani, alikuwa bado chini ya luteni usu wa Kiingereza aliyetoka shuleni jana. Lakabu ya taadhima ikafanywa dari ya kumzuia mtu asisimame wima.

Tanganyika ilipopata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, batalioni zake mbili za KAR, ya 6 na ya 26, zilibadilishwa jina zikawa Tanganyika Rifles. Moja ilikaa Dar es Salaam katika kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo, na nyingine Tabora. Jina lilikuwa jipya na beji ilikuwa mpya, lakini maafisa walio wengi, pamoja na mkuu wao Brigedia Patrick Sholto Douglas, walikuwa ni wale wale Waingereza, na ile desturi ya kumwona askari kuwa ni mkono usio na kichwa iliendelea kama kwamba bendera iliyopandishwa uwanjani ilikuwa ya nchi nyingine. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na sisi kwa muda wa miaka miwili na mwezi mmoja tulijitanda nguo hiyo tukadhani tumevaa.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 nguo hiyo ilivuka. Askari wa Colito waliwakamata maafisa wao, wakaingia mjini, wakashika njia kuu na majengo ya serikali, na wakatoa madai mawili: mishahara iongezwe, na maafisa wa Kiingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi zao. Waziri Oscar Kambona alikwenda kuzungumza nao huku Rais Julius Nyerere akiwa amefichwa. Maafisa wa Kiingereza wakapakiwa ndegeni wakaondoshwa nchini. Tabora nayo ikafuata. Maduka yakaporwa mjini na damu ya watu ikamwagika. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja huko Uganda, na tarehe 24 ikawa zamu ya Lanet karibu na Nakuru huko Kenya. Ndani ya siku tano majeshi ya nchi tatu, yaliyolelewa na mlezi mmoja, yaliugua maradhi mamoja. Na serikali ya Tanganyika ililazimika kuomba makomando wa Uingereza waliokuwa katika manowari Centaur washuke pwani alfajiri ya tarehe 25 kuwanyang'anya silaha askari wake wenyewe. Jambo ambalo Mwalimu Nyerere hakuficha kuwa lilikuwa fedheha kubwa kwa nchi iliyojitawala.

Siandiki haya ili kuwatetea waasi. Askari anayeelekeza bunduki kwa serikali iliyochaguliwa na wananchi amevunja amana iliyo kubwa kuliko malalamiko yoyote aliyo nayo, na raia waliopoteza roho zao siku zile hawakuwa na deni la mshahara wa mtu. Ila mganga anayeishia kuilaani homa hajamtibu mgonjwa. Askari wale walikuwa na nidhamu iliyosifiwa tangu enzi za babu zao. Waliweza kusimama juani saa nzima bila ya kope kutikisika. Na nidhamu hiyo yote ikayeyuka kwa usiku mmoja, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwenye hofu ya watu fulani, na watu hao walipofungiwa chumbani hofu nayo ikafungiwa pamoja nao. Haukuwapo mlango ambao koplo mwenye shida angeubisha asikilizwe. Palipokosekana mlango, ukuta ulibomolewa.

Kwa nchi iliyopata msiba kama huo zilikuwapo njia mbili, na majirani wawili walizijaribu zote. Uganda ilikubali madai ya mishahara na kuwapandisha vyeo kwa haraka maafisa wa Kiafrika waliokuwapo. Miongoni mwa waliopanda ni Idi Amin, aliyepewa cheo cha Effendi mwaka 1959 akiwa bado katika KAR, na ambaye mwaka 1966 aliongoza mashambulizi juu ya kasri ya Kabaka, na tarehe 25 Januari 1971 akaipindua serikali iliyompandisha. Sura za wenye madaraka zilibadilika, tabia ya madaraka ikabaki, na ile amri ya kiboko ikapata mwenyewe mpya. Tanganyika kwa upande wake ililivunja jeshi lake karibu lote, ikaomba batalioni ya Nigeria ije kushika lindo kwa muda, ikawaita vijana waje wajiandikishe upya, na tarehe 1 Septemba 1964 ndiyo ambayo Jeshi la Wananchi wa Tanzania hadi leo linaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Watu wengi wakilisimulia tukio hilo husifu ushujaa wa kulivunja jeshi. Mimi naona kazi kubwa zaidi ilikuwa ile ya polepole iliyofuata, kwa kuwa kuvunja ni kazi ya siku moja, na tabia hujengwa kwa miaka. Mkuu wa jeshi jipya alikuwa Mirisho Sarakikya, mmoja wa Watanganyika wachache wa kwanza kupitia chuo cha Sandhurst, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka takriban thelathini. Vijana wengi walioingia walitoka katika umoja wa vijana wa chama cha TANU na katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ambamo mtoto wa mkulima na mtoto wa karani walishika jembe moja. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kiswahili kamili, mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka, hata kuruta kutoka Newala na kuruta kutoka Ngara wakawa wanaamriwa kwa lugha ambayo kesho yake waliweza kuitumia kuuliza swali. Na maafisa walipopata chuo chao, ambacho mwaka 1976 kilihamia Monduli, kikaitwa Chuo cha Taifa cha Uongozi. Walioliteua jina hilo walifahamu kuwa kulenga shabaha kunaweza kufundishwa na sajini yeyote hodari, na kwamba kilicho kigumu, chenye kuhitaji chuo, ni kumwongoza mtu mwenye akili timamu aende mahali ambapo huenda asirudi.

Mtihani ulikuja Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kuishika ardhi ya Kagera. Katika wiki chache jeshi lililokuwa na watu wapatao 40,000 likapanuka kupita 100,000, kwa kuwaingiza wanamgambo, askari polisi, askari magereza na vijana wa JKT. Mkulima aliyekuwa shambani mwezi uliopita akawa anatembea kwa miguu kuelekea Kampala. Jeshi la namna hiyo haliwezi kuendeshwa kwa kiboko: hakuna viboko vinavyotosha, na hakuna wanyapara wanaotosha kuvishika. Kilichowaendesha ni kuijua sababu ya safari, ambayo Amiri Jeshi Mkuu aliieleza redioni kwa maneno ambayo kila mtu aliyafahamu, na kuwaamini waliokuwa mbele yao. Miongoni mwa makamanda hao alikuwamo David Musuguri, mkuu wa Divisheni ya 20, aliyeingia KAR mwaka 1942 kwa cheo cha chini kabisa, na ambaye mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi. Mtu ambaye maisha yake yalivunja ile dari ya Effendi. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na jeshi la Amin, lililozoea kuwatisha raia wasio na silaha, likatawanyika.

Lakini mwenye kuipenda nchi yake haisimulii nusu ya habari. Januari 1979 majeshi yetu yalipoiteka Mutukula, kwa hasira ya maovu yaliyotendwa Kagera, mji ule mdogo ulibomolewa na raia waliokuwamo wakauawa. Habari hizo zilimsikitisha sana Mwalimu, na amri ikatoka kwamba roho za raia na mali zao ziheshimiwe katika safari iliyobaki. Nalitaja jambo hilo kwa kuwa ndani yake mna somo zito kuliko la ushindi wenyewe. Askari mwenye imani na kiongozi wake anaweza kumfuata kiongozi huyo katika wema, na anaweza kumfuata katika kisasi. Kwa hiyo imani pekee haitoshi. Sharti iambatane na haki, na sharti awepo mkubwa mwenye ujasiri wa kuwaambia washindi, wakati ngoma ya ushindi inalia, kwamba hapa tumekosea. Kiongozi wa namna hiyo ni adimu, na nchi iliyompata haina budi kulisoma tendo lake badala ya kulifunika.

Mageuzi ya pili yalikuja kwa utulivu zaidi, bila ya risasi hata moja. Tangu 1964 jeshi lilikuwa limefungamanishwa na chama, askari wakawa wanachama na makamisaa wa siasa wakawemo vikosini; na kwa wakati ule, wa jeshi lililotoka kuasi, mfungamano huo ulikuwa na hekima yake, maana ulimfundisha askari kuwa yeye ni mwananchi kwanza. Iliporudi siasa ya vyama vingi mwaka 1992, katiba ikabadilishwa na mwanajeshi akakatazwa kuwa mwanachama wa chama chochote, ingawa haki yake ya kupiga kura ilibaki. Maana ya badiliko hilo, ukilitafakari vizuri, ni kubwa mno: afisa aliyekuwa ameambiwa kwa miaka ishirini na minane kwamba utii kwa chama na utii kwa nchi ni kitu kimoja, aliambiwa avitenganishe. Imani yake ilihamishwa kutoka kwa watu ikapelekwa kwenye sheria. Kazi hiyo ya kuhamisha imani haimalizwi kwa kifungu cha katiba. Humalizwa, kikosi kwa kikosi, na maafisa wanaoishi kwa mujibu wake mbele ya macho ya vijana wao.

Na hapa ndipo tulipofika sisi wa leo, ambapo hoja yangu inaacha kuwa ya historia na kuwa ya siku hizi. Vita vimebadilika. Kuruta wa leo amemaliza kidato cha nne au zaidi, anabeba simu yenye habari za dunia nzima, na pengine anaijua mitambo kuliko kapteni wake. Mwaka 2013, Baraza la Usalama lilipoidhinisha, kwa azimio lake la 2098, brigedi maalumu ya kupambana na makundi ya silaha mashariki ya Kongo, ambamo Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka majeshi, kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Na askari wetu walijikuta katika nchi ambayo adui na raia huvaa nguo moja, na ambayo wanakijiji wake huzungumza Kiswahili. Katika mazingira hayo koplo anayemwamkia shikamoo bibi kizee njiani, na kwa kumsikiliza akajua ni njia ipi yenye hatari, anaweza kuokoa watu wengi kuliko ramani ya makao makuu. Lakini atakuwa na faida hiyo ikiwa tu amelelewa kusikiliza na kufikiri, na ikiwa luteni wake amezoea kumuuliza umeona nini. Na usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kituo cha Semuliki huko huko Kongo kiliposhambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakapoteza maisha, walionusurika walipigana gizani mbali na msaada. Saa kama hizo ndizo zinazopambanua utii wa hofu na utii wa imani.

Mabadiliko ya tabia yanadai pia tuangalie ni nani tunayemruhusu kuongoza. Kwa miaka mingi Kenya ilikuwa na kikosi cha wanawake peke yao, kilichoanzishwa mwaka 1971. Kikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na wanawake wakaingizwa katika vikosi pamoja na wanaume. Fatuma Gaiti Ahmed, aliyejiunga na jeshi la Kenya mwaka 1983 chini ya utaratibu ule wa zamani, alifikia cheo cha Meja Jenerali mwaka 2018, mwanamke wa kwanza nchini humo kukifikia, na mwaka 2024 akakabidhiwa ukamanda wa Jeshi la Anga. Wenye kulitazama jambo hilo kuwa ni hisani kwa wanawake wanaikosa maana yake. Jeshi lililokuwa likichagua viongozi wake kutoka nusu ya watu limeanza kuchagua kutoka kwa watu wote, na mwenye kuchagua kutoka ghala kubwa hupata mbegu bora.

Najua wapo wasomaji, na baadhi yao wamevaa sare kwa heshima kuliko niwezavyo kueleza, ambao watasema kwamba jeshi si baraza, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba anayembembeleza kuruta leo atamzika kesho. Hoja yao naistahi, na sehemu yake kubwa naikubali. Mafunzo ya kijeshi lazima yawe na suluba. Jasho, njaa, usingizi mchache na mzigo mzito ni walimu wa lazima, na amri halali ikitolewa penye hatari haina muda wa kujadiliwa. Ninachokipinga ni kuchanganya suluba na udhalilishaji. Suluba humwonyesha kijana nguvu ambazo hakujua anazo. Udhalilishaji humwonyesha kwamba nguvu ni kitu cha kumwonea aliye chini, naye akipata cheo atalipiza kwa wa chini yake, na akitoka nje ya lango la kambi atalipiza kwa raia. Askari anayemkuta raia amevaa kofia ya jeshi kinyume cha sheria na kumfikisha polisi ameitii sheria. Yule anayemchapa hadharani na kumgaragaza matopeni ameirudisha hamsa ishirini barabarani, na amelifanya Jeshi la Wananchi liogopwe na wananchi.

Kwa hiyo natoa rai mbili, kwa nchi zetu zote za Afrika ya Mashariki. Ya kwanza ni kwamba mlango wa malalamiko ule ambao haukuwapo Colito ujengwe kwa sheria, usiwe jambo la kutegemea huruma ya kamanda. Wajerumani, baada ya aibu ya Hitler, walipounda jeshi jipya mwaka 1955 walishika fikra ya kwamba askari ni raia mwenye sare, na mwaka 1956 wakaandika katika katiba yao cheo cha kamishna wa bunge ambaye askari yeyote, hata wa mwisho, anaweza kumwandikia moja kwa moja bila ya kupitia kwa wakubwa wake. Jeshi lao halikuvunjika kwa hilo. Sisi ambao tuna methali isemayo mkubwa ni jalala, yaani kwamba cheo ni mahali pa kupokea kila lalamiko bila ya kukasirika, tulipaswa kuwa wa kwanza kuwa na ofisi kama hiyo katika mabunge yetu. Ya pili ni kwamba afisa asipandishwe cheo kwa kuangalia gwaride lake na hesabu za ghala lake pekee. Iangaliwe pia hali ya watu aliowaongoza, ni wangapi waliojifunza, wangapi waliotoroka, wangapi waliodhulumiwa, na wangapi wangekuwa tayari kwenda naye tena.

Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kile ambacho maafisa wa zamani hawakuwa nacho na ambacho sisi tumepewa bure. Afisa wa KAR alipomnyamazisha askari wake alikuwa na udhuru mmoja: Kiswahili chake kilimtosha kuamuru, hakikumtosha kusikiliza. Afisa wetu wa leo amenyonya lugha hii pamoja na askari wake, ameimbiwa bembea kwa maneno yale yale, na neno lolote litakalosemwa na kuruta wake, liwe la hofu, la njaa, la dhuluma au la maarifa, atalifahamu hadi mzizi wake. Udhuru ule yeye hana.